Shavu la Kushoto

Ukitaka kujua fundi cherehani anakaa upande gani wa barabara, mwangalie uso. Hilo nimelijua mwaka jana tu, na kazi hii niko nayo tangu 2004.

Cherehani yangu iko barazani, Moshi mjini, kwenye safu ya mafundi tunaoshona nje ya maduka ya vitambaa. Barabara iko kushoto kwangu, ukuta wa duka kulia, na juu yetu paa la bati. Mimi ni mtu mwenye ualbino. Ushonaji niliuchagua makusudi, kwa kuwa ni kazi ya kivulini. Kaka yangu, aliyezaliwa na ngozi kama yangu, alibaki na jembe, na tulimzika ana miaka 31, na kidonda shingoni kilichoanza kama kipele. Basi mimi nilikuwa nakaa pale barazani najiona mjanja. Njiani navaa kofia pana niliyojishonea mwenyewe, jinzi tabaka mbili, na blauzi ya mikono mirefu. Nikifika kazini navua kofia, naitundika kwenye msumari.

Daktari wa ngozi alinishika kidevu, akaugeuza uso huku, akaugeuza kule, akaitazama futi iliyokuwa bado inaning'inia shingoni mwangu. Kisha akauliza, "Fundi, ukikaa kwenye mashine, barabara iko kushoto, siyo?"

Nilihisi kama nimepigiwa ramli.

Kumbe paa huzuia jua linaloshuka moja kwa moja tu. Ile mionzi inayounguza hutawanywa na hewa, ikaja kutoka anga lote, pembeni, chini ya ukingo wa bati, kama vumbi linavyoingia barazani bila kupiga hodi. Na mawingu tuliyokuwa tunayashukuru miezi ya Juni na Julai nayo si ya kuyategemea: Shirika la Afya Duniani linasema wingu jepesi laweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Moshi iko digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Mwenye melanini ya kutosha, ile rangi ya ngozi inayokinga jua, akikaa pale barazani analalamikia joto. Mimi shavu langu la kushoto lilikuwa likihesabu miaka.

Akanishika mkono, akanipitishia vidole vyangu mwenyewe shavuni. "Unasikia?" Nikasikia. Vidole vya fundi havidanganyiki. Ukinifumba macho nitakutofautishia popilini na tetroni. Shavu la kulia lilikuwa popilini. La kushoto, kuanzia chini ya jicho hadi sikioni, lilikuwa na visehemu vya msasa, kimoja hapa, vitatu pale, vingine hata kwenye kioo havionekani. Miaka yote nilidhani ni ukavu, nikawa navipaka mafuta ya mgando usiku. Daktari akaviita magamba ya jua. Si saratani, akasema, ila ni mlango wake. Mengi hayafiki popote, machache hugeuka, na hakuna anayeweza kukuonyesha kwa kidole kwamba litakalogeuka ni hili.

Kwenye bega la kushoto, mahali ambapo kola za blauzi zangu za zamani zilikuwa zinaishia, kulikuwa na kitu kingine. Doa jekundu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, bapa, lenye magamba membamba na ukingo kama uzi uliopindwa. Kwa miaka miwili zahanati moja ilikuwa ikinipa dawa ya fangasi. Halikukua haraka, halikuuma, halikutoka. Daktari alikata kinyama kidogo, kikaenda maabara, na majibu yakarudi: saratani ya ngozi, aina ya basali, ile ya juujuu.

Nataka kusimama hapo kidogo, maana neno saratani nyumbani kwetu lina sura moja tu, na ni ya shingo ya kaka yangu. Lakini zipo za aina mbalimbali. Ya basali ndiyo inayowapata Wazungu wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Inakula polepole pale ilipo, na ni nadra sana kusafiri kwenda viungo vingine. Sisi wenye ualbino huku Afrika tunaipata pia, lakini inayotuongoza ni ya pili, ya seli bapa, na hiyo ikicheleweshwa inaingia kwenye tezi na kwenda mbali. Ndiyo iliyomwondoa kaka. Hilo nililijua siku ile, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, miaka 15 baada ya mazishi.

"Nitakuandikia krimu," daktari akasema.

Nikacheka. Sikukusudia. Mtu amekwambia una saratani begani na milango yake shavuni, kisha anakuandikia krimu, kitu ambacho mjini kwetu kinauzwa na akina dada kwenye mabeseni.

Ya famasi nayo ilikuwa sinema. Famasi ya kwanza hawana. Ya pili, kijana aliisoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena, akainama kaunta na kuninong'oneza kwa huruma kabisa: "Dada, na wewe unataka kujichubua? Uchubue nini sasa?" Wateja wawili nyuma yangu wakageuka. Katika Kiswahili cha mtaani krimu ni mkorogo, basi. Mambo ya zebaki na haidrokwinoni yaliyopigwa marufuku na bado yanapatikana. Nikamwambia ni dawa ya kansa. Akarudi nyuma hatua moja, kama kansa inarukia watu. Famasi ya tatu waliniagizia, nikangoja siku nne.

Tyubu ndogo, asilimia 5, fluorourasili. Wauguzi wanaiita faivu-efu-yu.

Muuguzi alipojaribu kunieleza inavyofanya kazi alianza na vinasaba, nikamwomba anieleze kifundi. Akashindwa, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe baadaye usiku, na alipolisikia toleo langu alisema si baya. Liko hivi. Seli inayotaka kugawanyika lazima inakili maandishi yake yote, na kwa kazi hiyo inahitaji timini, mojawapo ya herufi za maandishi hayo, kama mimi ninavyohitaji uzi. Timini inatengenezwa kutokana na malighafi iliyo ndugu wa urasili, kiungo cha kawaida cha seli. Sasa fluorourasili inafanana na urasili kwa kila kitu isipokuwa chembe moja ya florini. Seli inaipokea bila kuuliza. Kile kimeng'enya kinachosokota uzi kinaishika, kinanasa, hakiachii tena. Uzi unakwisha mshono ukiwa katikati. Fundi anayeshona taratibu, suruali moja kwa wiki, hata hatagundua kwamba dukani hakuna uzi. Anayeshona usiku na mchana ndiye atakayeanguka wa kwanza, na seli zilizoharibiwa na jua ndizo zinazoshona usiku na mchana.

Kwa hiyo dawa hii haina macho. Unaipaka shavu zima, na yenyewe inaenda kuwaumbua waliokuwa wanafanya haraka.

Hata kugunduliwa kwake kwenye ngozi kulikuwa kwa kuumbua. Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliitangaza mwaka 1957 kwa ajili ya saratani za ndani ya mwili, ya kudungwa sindano. Mwaka 1962 Falkson na Schulz, huko Afrika Kusini, wakaandika jambo walilolikuta kwa wagonjwa wao: mtu anadungwa dawa kwa ugonjwa wa ndani, mara ngozi iliyopigwa na jua inawaka nyekundu, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Mwaka uliofuata madaktari wa Marekani walikuwa wameshaandika habari za kuipaka moja kwa moja. Mimi habari hii naipenda kuliko takwimu zote. Hakuna aliyeitafuta. Ilijionyesha.

Tulianza na shavu: asubuhi na jioni, wiki nne. Uso unaoshwa, unakaushwa, unangoja dakika kumi au kumi na tano, kisha unapaka utando mwembamba kwa kijiti cha pamba, mbali na jicho, mbali na pembe ya pua na midomo ambako dawa hujikusanya na kuchoma kupita kiasi. Mikono inaoshwa mara moja. Mjamzito asiiguse. Na tyubu isiachwe ovyo: mbwa akiitafuna, hata kidogo, anaweza kufa. Mwenye nyumba wangu ana mbwa watatu wanaolala mlangoni kwangu, kwa hiyo dawa ya kansa ilikaa miezi mitatu ndani ya kopo la biskuti la vifungo, juu ya kabati.

Siku nne za mwanzo hakuna kitu. Nikaanza kuwaza kwamba famasi ya tatu wameniuzia losheni ya watoto.

Siku ya sita nikaamka shavu lina ramani. Sitii chumvi. Vile visehemu vya msasa vilivyojificha vilikuwa vimejitokeza kimoja kimoja, vyekundu, na mpaka wake. Nilivihesabu kwenye kioo cha chumba cha kupimia nguo: kumi na saba. Mimi nilikuwa nimevisikia saba. Wiki ya pili vikaanza kuchonyota, hasa jasho likipita, na mvuke wa pasi ndio ulikuwa adui mkubwa. Nikamwachia kijana wa pembeni kunyoosha nguo zangu kwa malipo ya chai. Wiki ya tatu ngozi ikachubuka, ikatoa majimaji, ikashika ukoko, na ukoko ukapasuka nilipocheka. Nikaacha kucheka upande mmoja.

Sasa, mtu mwenye ualbino ameshazoea kutazamwa. Tangu nikiwa darasa la kwanza natazamwa. Mikoa mingine, kuna miaka tuliyotazamwa na watu waliotaka viungo vyetu, na hiyo sitaieleza hapa. Lakini kutazamwa huku kulikuwa kupya, kwa sababu safari hii mimi ndiye niliyejifanya hivi, kwa mkono wangu, mara mbili kwa siku, na kila mtu alikuwa na tafsiri yake.

Mteja mmoja aliyeleta vitambaa vya send-off alinitazama, akakumbuka kwamba ana haraka, akaondoka na vitambaa vyake. "Nitapita kesho, fundi." Mwingine akauliza kama nimebadilisha mkorogo. Mama muuza ndizi akaniambia nimwone mchungaji wake. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi wa suti za kaunda, alisimama mbele ya mashine, akavua kofia: "Pole sana mwanangu. Umeungua na mafuta?"

Kabla sijajibu, fundi mwenzangu wa mashine ya jirani, mtu ambaye kwa kawaida haongei mpaka saa sita, akainua kichwa. "Ameungua na jua, mzee. Jua la mwaka 2004."

Mzee alidhani anafanyiwa mzaha. Lakini hakuna aliyeueleza ugonjwa wangu vizuri zaidi, na daktari namhesabu humo. Watu waliona dawa inanichoma. Kilichokuwa kinaonekana pale ni moto wa zamani, wa miaka niliyokuwa nakata vitambaa huku nimevua kofia, na dawa ilikuwa imefungua mlango tu ili moshi utoke. Muuguzi ananiambia wengi huacha siku ya kumi au kumi na mbili. Si kwa maumivu, maumivu yanavumilika. Wanaacha kwa sababu mume amesema, jirani amesema, bosi amesema usije kazini na uso huo. Wanarudi kliniki baada ya mwaka wakisema krimu iliwadhuru.

Kwangu mimi aliyesema alikuwa mama. Alikuja kutoka Same siku ya kumi na moja, hakuwa ameambiwa kitu. Alifika mlangoni, nikamwamkia, hakuitikia marahaba. Aliketi kitandani na mkoba wake mapajani.

"Ndivyo alivyoanza kaka yako," akasema.

Nilimweleza. Nikamwonyesha karatasi ya kliniki, na mama yangu hasomi. Asubuhi yake kopo la vifungo halikuwepo juu ya kabati. Nililitafuta chini ya kitanda, jikoni, mpaka kwenye ndoo ya unga. Yeye alikuwa anapika uji, kimya, amenipa mgongo. Mwishowe nikampigia muuguzi, nikaweka spika, nikaiweka simu kwenye meza karibu na sufuria.

"Mama, shikamoo," muuguzi akasema. Mama akanung'unika kitu. "Mama, kidonda cha marehemu kilikuwa kinajikuza chenyewe. Hiki tunakikuza sisi, na siku tukiacha kupaka kitafunga. Nipe wiki mbili na nusu."

Mama aliukoroga uji mpaka ukawa mzito. Baadaye alitoa kopo ndani ya mkoba wake, akaliweka mezani. Nilikuwa nimekosa zamu moja ya asubuhi. Aliondoka baada ya siku mbili na katika siku hizo hakunitazama usoni, alikuwa akiongea na mikono yangu.

Wiki ya nne ilipokwisha niliacha, nikabaki na mafuta ya mgando tu. Ukoko ulianza kudondoka siku ya tano. Chini yake kulikuwa na ngozi ya waridi, inang'aa, kama ya goti la mtoto aliyeanguka juzi. Ilichukua karibu mwezi mzima kutulia. Nilipopitisha vidole, popilini. Nikapitisha tena. Nilikaa barazani nikijipapasa shavu kama mtu aliyenunuliwa shavu jipya, hadi yule jirani akaniuliza kama lina bei.

Bega lilikuwa kazi tofauti, wiki sita, na hapo nina neno. Nilimuuliza daktari kwa nini asilikate tu. Akasema kukata ndiyo njia ya uhakika zaidi, ila kwa ile ya juujuu, sehemu ya mwili isiyo hatari, krimu inakubalika, hakuna kovu wala mshono, na mkono wangu wa kazi hautalala. Niliichagua krimu. Baadaye nikasoma. Uingereza walilinganisha upasuaji na krimu nyingine, imikwimodi, ile inayoamsha kinga ya mwili ipigane yenyewe: baada ya miaka mitano waliokatwa walifanikiwa asilimia 97.7, wa krimu 82.5. Uholanzi waliwagawa watu 601 katika makundi matatu, na baada ya miaka mitano waliobaki bila saratani ile walikuwa asilimia 80.5 kwa imikwimodi, 70.0 kwa dawa yangu mimi, 62.7 kwa tiba ya mwanga. Imikwimodi sikuipata. Kwa hiyo bega langu limeshonwa kwa kazi ya asilimia 70, na mimi fundi wa kiwango hicho nisingempelekea hata foronya. Doa limetoka, linakaguliwa kila miezi sita. Likirudi, nitaomba kisu.

Kwenye shavu hesabu ni nyingine kabisa. Huwezi kukata shavu zima. Huko Marekani wanajeshi wastaafu 932 walipaka usoni na masikioni, wengine dawa hii, wengine krimu tupu, hadi wiki nne. Mwaka wa kwanza waliopaka dawa walipungukiwa na saratani za seli bapa za kupasuliwa kwa asilimia 75. Wale si watu wa ngozi yangu, na jua lao si la Moshi. Lakini niliposoma namba ile nilimfikiria kaka, na kipele chake, na tyubu moja inayoenea kwenye kopo la vifungo.

Lililonikera, nitalisema. Losheni ya jua tunaipata. Kilisun inatengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili yetu sisi, na kliniki za ualbino zinaigawa. Ninayo kwenye droo ya mashine na naipaka kila baada ya saa mbili. Lakini losheni inazuia la kesho. La jana tayari liko shavuni, na dawa ya kulitoa bado inahitaji famasi tatu na siku nne za kungoja, kwa kitu kilichojulikana kabla sijazaliwa.

Kati ya yale madoa kumi na saba, kumi na sita yalikwenda. La ukingoni mwa sikio lilibaki, likawa gumu, likaota kama kijipembe. Krimu haifiki huko. Lililoshika mizizi halisikii la kupakwa. Maabara wakasema seli bapa, changa. Nikachomwa ganzi, likakatwa na nyama kidogo ya pembeni, na kingo zikaja safi. Niliomba kioo. Mishono sita ya nailoni nyeusi, ya mkono, nafasi sawa, isipokuwa wa nne uliovutwa kupita wenzake. Nilimwambia daktari.

"Huo utafumuliwa Ijumaa ijayo, fundi," akasema, hajainua macho kwenye karatasi zake.

Kofia siku hizi siitundiki. Na upande wa barabara nimeshona pazia la turubai, la kijani, kutoka ukingo wa bati hadi sakafuni, lina pindo la inchi mbili na mawe ndani ili upepo usilibebe. Wateja wapya wanasimama mbele yake hawajui waingilie wapi. Wa zamani wanapiga hodi.